Hewa Ipite

Gari la mpwa wangu lilirudi nyumbani likivutwa kwa kamba kwa mara ya pili, na safari hii mama yake hakutoka nje kulitazama. Alikuwa kwenye chumba chake cha rangi, barakoa usoni, akipuliza mlango wa gari la mteja. Alisikia geti likifunguliwa, akasikia lori dogo la jirani likikoroma peke yake bila injini ya pili kuitikia. Akaendelea kupuliza. Anayemjua mdogo wangu huyu anajua kwamba akinyamaza hivyo, heri angepiga kelele.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tairi kuukuu mlangoni, namenya viazi. Nilikuwa nimepita tu kumsalimu, kama kawaida yangu ya kupita, na kupita kwenyewe kulikuwa kumeshazaa begi la nguo chini ya kitanda na zamu ya kumenya viazi.

Mpwa wangu alishuka, akafungua kamba mwenyewe, akaikunja vizuri kuliko ilivyohitaji kukunjwa. Watu wanamwita Nyuki, kwa sababu tangu utotoni hatulii, na ukimgusa vibaya anauma. Kazi yake ni kunyoosha bodi za magari zilizobonyea, na mama yake huzipaka rangi zikishanyooka. Wamefanya kazi hivyo miaka mingi katika karakana moja yenye ukuta katikati, nyundo upande huu, bunduki ya rangi upande ule.

"Oili tena?" nikamuuliza.

"Oili tena, mjomba."

Gari lenyewe ni dogo, la milango miwili, la mbio, limelala chini kiasi kwamba ukitaka kuingia unaanza kwa kukaa halafu ndipo unatafuta kiti kiko wapi. Alilinunua likiwa mkweche, akaliinua kipande kwa kipande. Mlango mmoja ulikuwa wa kijivu, mwingine mwekundu uliofifia, boneti ina mabaka kama ng'ombe. Unaweza kushangaa gari la binti wa mpaka rangi kuwa hivyo. Sababu ni kwamba mama yake alikataa kuligusa. "Nikilipaka nimelikubali," alikuwa akisema, na hapo mjadala unafungwa.

Alichokuwa anakitafuta Nyuki ni kibali. Huko kwenye uwanja wa mbio huruhusiwi kushindana na wenzako mpaka uendeshe nusu saa nzima mbele ya wasimamizi, bila kusimama, bila kutoka nje ya njia, bila kumwaga oili. Huhitaji kuwa wa kwanza. Unahitaji kumaliza tu. Na Nyuki, ambaye anaendesha kama vile barabara ilichorwa na mkono wake, alikuwa ameshindwa kumaliza mara mbili. Injini inalia kwa nguvu mzunguko baada ya mzunguko, oili inapata joto, mshale wa geji unapanda, taa nyekundu inawaka, basi.

Usiku ule wa kamba tulikula mpaka sahani zikabaki tupu. Ndipo dada akasema, "Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, yule daktari wa meno anayetaka kulinunua achukue gari lake."

"Si gari lake," Nyuki akasema.

"Ameshalikalia mara mbili."

"Ya pili alikaa kwa sababu alishindwa kutoka ile ya kwanza."

Nikacheka, nikatazamwa na wote wawili, nikaacha.

"Mama, sema tu kwamba unaogopa nitakufa."

"Kufa, utakufa hata kwa kuteleza bafuni. Hilo nimemwachia Mungu." Dada alikuwa anakwangua rangi iliyoganda kwenye kucha zake. "Mimi nimechoka kukuona unarudi na uso huo. Unaondoka hapa asubuhi unaimba, jioni unarudi kama umetoka kuzika. Mara ngapi? Moyo wa mtu si tairi, eti utie kiraka uendelee."

Nyuki aliinua kichwa. "Ya mwisho," akasema. "Lakini nipe nafasi ya kuifanya vizuri."

"Fanya. Na safari hii nitalipaka rangi, maana vyovyote itakavyokuwa, litakuwa limefika mwisho wa kuzurura na mabaka."

Nyuki akaanza kukusanya sahani. Nilimwona usoni. Alikuwa anafikiria kile nilichokuwa nafikiria mimi: gari hupakwa rangi linapokwenda kuuzwa.

*

Kesho yake alikuja fundi wa injini, jirani wa nyuma ya ukuta, tunayemwita Tutaona. Ukimuuliza litapona, anasema tutaona. Ukimuuliza kesho utakuja, tutaona. Wanasema hata siku ya ndoa yake alipoulizwa kama amekubali, alijibu hivyo hivyo, na mkewe hajamsamehe mpaka leo ingawa wana watoto wanne.

Alijilaza chini ya gari, akatoka na kitu chenye mapezi membamba ya chuma cheupe, ukubwa wa daftari.

"Hiki ndicho kipoozeo cha oili kilichokuja na gari," akasema. "Oili inatoka kwenye injini ikiwa ya moto, inapita humu ndani, upepo unapita kati ya mapezi, inarudi imepoa. Kwa kwenda sokoni na kurudi kinatosha, hata ukiwa na haraka. Kwa kazi anayoifanya huyu binti ni sawa na kumpepea ng'ombe kwa bahasha."

"Na oili ikizidi moto?" nikauliza. Mimi shule nilisoma vipande vipande, darasa moja hapa, jingine kule, lakini kuuliza sijawahi kuona haya.

"Mzee, umewahi kupika uji?"

"Nimewahi kuunguza."

"Basi oili ni kinyume cha uji. Uji ukikaa motoni unakuwa mzito. Oili inakuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo, haishiki tena, na chuma kinaanza kula chuma."

Kipoozeo kipya walikitoa kwenye gari la mashindano lililogonga kwa nyuma, mbele likabaki zima. Kilikuwa kikubwa kama trei ya chai, na trei ndilo jina tulilokipa. Nyuki alikibeba kifuani kutoka getini kama mtu aliyebeba mtoto wa kwanza.

Kazi ilichukua siku kadhaa, na niliiona yote, maana viazi havimalizi mchana. Kwanza walibishana pa kuiweka. Nyuki alitaka mbele ya rejeta katikati, pana nafasi. Tutaona akakataa. "Ukiiweka pale, hewa itafika kwenye rejeta ikiwa imeshapashwa moto na trei. Utaponya oili uue maji." Wakaiweka pembeni, nyuma ya mdomo wa bampa, mahali pasipomwibia mtu upepo. Waliiweka midomo yake ikiangalia juu, ili viputo vya hewa visikwame ndani. Wakaikalisha juu ya vipande vya mpira, isipigwe na mtikisiko mpaka ipasuke.

Halafu kikaja kidude cha chuma kinachokaa kwenye chujio la oili, chenye mlango mdogo ndani. Tutaona alikitia kwenye sufuria ya maji jikoni mwetu, tukakiangalia. Maji yalipokaribia kuchemka, kilango kikafunguka chenyewe.

"Sasa kwa nini tusiache oili ipite kwenye trei wakati wote?" Nyuki akauliza.

"Kwa sababu asubuhi oili ni nzito kama asali. Ukiipoza kabla haijapata joto, haifiki inakotakiwa. Acha injini iamke kwanza ndipo uifungulie dirisha."

"Na sufuria yangu?" dada aliuliza kutoka dirishani. "Nayo itaamka lini?"

"Tutaona, Mama Nyuki."

Kilichobaki kilikuwa kazi ya Nyuki mwenyewe. Alikata bati laini, akaligonga na kulikunja mpaka likawa njia ya kuleta upepo kutoka mdomo wa bampa hadi kwenye trei, bila upenyo. Pembezoni akabandika sponji. Nikamuuliza sponji ya nini, trei si kitanda.

"Hewa ni mvivu, mjomba. Inafanana na wewe. Ukiiachia njia ya kuzunguka, haipiti penye kazi."

Tutaona alicheka mpaka akaangusha spana.

Upande wa pili wa ukuta dada alikuwa anapiga msasa. Alipiga msasa lile gari zima kwa mkono, kila baka, kila ukingo. Alitia puti, akapiga tena. Na katika siku zote zile alikuja kuitazama trei mara moja tu, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hiki ndicho chenyewe?"

"Ndicho, mama."

"Bampa likirudi kitaonekana kwenye wavu. Kinang'aa kama jino la bandia."

"Wacha king'ae. Kinafanya kazi."

Dada aliguna akaondoka. Sasa, lazima niseme jambo moja kuhusu mdogo wangu huyu. Kwake hakitoki kitu kikiwa uchi. Ndivyo anavyosema: "Hapa hakitoki kitu uchi." Bawaba za geti amezipaka. Ndoo amezipaka. Vipini vya spana za Tutaona alivipaka zambarau siku alipozisahau, mwenyewe akasema angalau sasa haziibiwi. Hata lile tairi ninalokalia lilipakwa nikiwa nimeinuka kwenda chooni, nikarudi nikakaa, na suruali yangu ni shahidi.

Jioni ya mwisho alitufukuza wote. "Nendeni mkale. Bampa niachieni, nitalifunga mwenyewe."

*

Asubuhi gari lilikuwa la kijani. Kijani cha chupa, kimoja, kutoka pua hadi mkia, na vanishi juu yake iliyolala kama maji kwenye beseni. Nyuki alilizunguka bila kuligusa.

"Limependeza, mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifia sanduku la maiti.

"Nenda," dada akajibu. "Utachelewa."

Uwanja wa mbio uko nje ya mji, lami inayojipinda katikati ya majani makavu, na upande mmoja vibanda vya mabati ambako watu wanapanga matairi na kubishana. Asubuhi unaruhusiwa kujaribu, mchana ndiyo mtihani. Nyuki alivaa helmeti, akaingia njiani. Mimi na Tutaona tukasimama kwenye uzio.

Alianza vizuri. Ile kona ya kwanza gari lilijilaza kama paka. Tutaona alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mtu ambaye maisha yake yote ni tutaona akitikisa kichwa, wewe unaanza kuamini. Halafu, kabla hata hatujamaliza karanga zetu, Nyuki akatoka njiani, akaja polepole mpaka kwenye kibanda, akazima.

Alivua helmeti. "Inapanda haraka kuliko zamani."

"Haiwezekani," Tutaona akasema, na hilo pia sijawahi kumsikia akisema.

Akashika bomba la kwenda kwenye trei, akaondoa mkono upesi. La moto. Akashika la kurudi. La moto vile vile. "Kilango kimefunguka. Oili inaingia, inatoka. Lakini haipozwi." Akanipa ishara. "Mzee, lala chini hapa, tazama trei kwa nyuma. Nitamulika tochi kwa mbele. Uniambie ukiona mwanga."

Nikalala. Mgongo wangu ulitoa maoni yake, lakini nikalala.

"Unaona?"

"Sioni."

"Hata kidogo? Mapezi yana nafasi, mwanga unatakiwa upenye kama kwenye chujio la chai."

"Fundi, huku ni giza kama ndani ya gunia."

Wakafungua bampa. Na pale, nyuma ya wavu, trei yetu ilikuwa imekaa ya kijani. Kijani cha chupa. Praima, rangi, vanishi, vyote kwa mpangilio wake, kazi safi isiyo na chozi hata moja. Kila pezi lilikuwa limeunganishwa na mwenzake. Ungeweza kuchotea maji.

Nilitaka kucheka. Kisha nikamwona Nyuki.

"Amenimaliza," akasema. "Alijua mimi sitafungua bampa. Amenimaliza kwa mikono yake."

"Mpwa wangu, mama yako hawezi..."

"Mjomba, mama yangu hajawahi kupaka kitu kwa bahati mbaya."

Hilo ni kweli. Akachukua simu. Sikusikia upande wa pili, nilisikia wake tu. "Umeipaka trei." Kimya. "Hewa haipiti, mama. Ulitaka daktari wako apate gari, umefaulu." Kimya kirefu zaidi. Kisha akaishusha simu na kuitazama kama vile imembadilikia mkononi.

"Amesemaje?"

"Amesema anakuja. Amesema nisiguse."

*

Alikuja na lile lori dogo la jirani, bado amevaa ovaroli la kazi, na nyuma wamepakia kompresa ndogo, karai, dumu la tina ya kuyeyushia rangi na mfuko wa brashi. Alishuka akaenda moja kwa moja kwenye pua ya gari, akainama, akatazama. Akapitisha kidole kwenye mapezi. Nilimwona akitambua alichokifanya. Mtu anayeishi kwa kuziba matundu alikuwa ameona matundu mia na akayaziba.

"Nilidhani ni urembo," akasema polepole. "Hivi vimistari. Nilidhani mnapenda tu viwe vingi."

"Mama, usinitanie."

"Nani anatania? Mimi najua rangi. Nimekiona kiko uchi, kwenye uso wa gari, watu watakitazama waseme mama yake alichoka akaacha pua. Nikasema nakipaka tabaka zote, kama mlango."

"Ulikuwa unalipamba liuzike."

Dada alisimama wima. Si mrefu, lakini ana namna yake ya kusimama. "Liuzike? Daktari wa meno aliniambia mimi, dirishani, anataka jeupe. Jeupe kama kliniki yake. Mimi gari la kuuzwa nalipaka rangi ya mnunuzi, hata kama anataka njano ya mavi ya mtoto. Umeniona nimenunua nyeupe?"

Nyuki akaligeukia gari.

"Nani alikuwa na baiskeli ya kijani, akailalia mpaka ikabidi nimng'oe? Nani alisema nikiwa mkubwa gari langu litakuwa kijani cha chupa, si kingine? Nilichanganya hii rangi kwa mkono, mara tatu, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na bluu nyingi. Halafu unanipigia simu unaniambia nimekumaliza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nimeshasema sana vile vingine."

Tutaona alikohoa. Ni mtu mwenye adabu, alikuwa anatazama paa la mabati muda wote. "Samahani, Mama Nyuki. Swali moja tu. Uliweka hadina? Maana kama rangi ina dawa ya kugandisha, tina haiing'oi, tufunge virago."

"Kwenye bodi nimeweka. Vitu vya ndani siweki. Vitu vya ndani hufunguliwa kila mara, rangi ngumu inapasuka kama ganda la yai." Akakunja mikono ya ovaroli. "Hiyo inatoka. Ondoeni hicho kitu hapo. Kaka, washa kompresa. Nyuki, nenda kawaombe hao wasimamizi wako wakuweke kundi la mwisho la mtihani."

Akasita Nyuki, kisha akakimbia.

Msimamizi alikuwa mwanamke mnene mwenye filimbi shingoni na kofia ya mkeka. Alikuja kuangalia mwenyewe, akaona karai, akaona trei ya kijani, akamtazama dada. "Kundi la mwisho," akasema. "Lakini mama, nyumbani kwangu usipake jiko." Akaenda zake akicheka.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Waliziba midomo ya trei kwa vizibo vya mpira, Nyuki akavijaribu kimoja kimoja, maana tina ikiingia ndani ikachanganyika na oili, imekwisha habari. Dada akailaza trei kwenye karai, kando mbali na gari, akamimina tina, akasubiri bila kugusa. Kila mtu alitaka kugusa. "Msiiharakishe," akasema. "Rangi ni kama mgeni. Ukimfukuza anang'ang'ania. Mwache ajisikie kuondoka." Nikahisi nimesemwa mimi.

Rangi ilianza kujikunja, ikawa telezi, ikaanza kuteremka. Wakaipiga brashi laini, mama upande huu na binti upande ule, vichwa vinakaribia kugongana. Mimi nilipuliza hewa ya kompresa walipoonyesha kidole, na kila nilipopuliza matone ya kijani yaliruka mpaka kwenye nyusi za Tutaona. Mapezi mengine yalikuwa yamelazwa na brashi. Mapezi yale ni laini kama karatasi ya sigara. Dada akaona, akachomoa chanuo kwenye nywele zake, lile lenye meno ya karibu karibu, akaanza kuyachana. Taratibu, kutoka mzizini hadi ncha.

"Ulikuwa unanichana hivi hivi," Nyuki akasema.

"Wewe ulikuwa unalia. Hii angalau imetulia."

"Ulikuwa unavuta."

"Ulikuwa na kichwa kigumu. Leta tina."

Tutaona akamulika tochi. Nikalala tena chini, safari hii bila kuambiwa. Mwanga ulipenya, mistari mingi myembamba, ila pembe moja ya chini rangi ilikuwa imekwama katikati na haikutaka kutoka kwa dawa wala kwa upepo.

"Inatosha?" Nyuki akauliza.

Tutaona alifungua mdomo. Sote watatu tukamtazama. Akaufunga, akafikiri, akasema, "Itafanya kazi. Si yote, lakini sehemu kubwa. Usikimbie kama mwizi, kimbia kama mtu anayewahi. Mshale ukikaribia nyekundu, mzunguko mmoja tembea, uache upepo ufanye kazi yake, kisha endelea. Huhitaji kuwa wa kwanza."

Wakairudisha, wakajaza oili, wakawasha injini, wakangoja mpaka kilango kifunguke na bomba la kurudi lipate joto. Hakuna tone. Bampa wakalifunga wawili, Nyuki na mama yake, kila mmoja na spana.

*

Kundi la mwisho lilikuwa la magari machache. Kivuli cha vibanda kilikuwa kimeshafika ukingoni mwa lami. Dada hakuja kwenye uzio. Alisimama nyuma yetu, ameipa mgongo njia, mikono imekunjwa, anatazama ukuta wa mabati.

"Hutaki kuona?" nikamuuliza.

"Nasikia vizuri zaidi hivi. Niambie wewe."

Basi nikawa mtangazaji. Amepita. Amepita tena. Mwekundu amempita. Yeye amempita mweupe kwenye kona, vizuri, kwa ndani. Dada alikuwa akiitikia kwa kichwa. Muda ulikwenda, tukapita pale gari lilipokufa mara ya kwanza, tukapita pale lilipokufa mara ya pili. Tutaona alikuwa amekunja karatasi ya karanga mpaka imekuwa punje.

Halafu mlio ukabadilika. Dada aligeuka kabla sijasema. Gari la kijani lilikuwa linakuja polepole kwenye ile njia iliyonyooka, pembeni, magari mengine yanalipita kama limesimama.

"Limekufa," dada akasema. Alishika uzio. "Kaka, limekufa?"

"Linatembea," Tutaona akasema. "Linapumua. Mwache."

Likapita mbele yetu. Nilimwona Nyuki ndani, helmeti imeinama kidogo, anatazama geji. Naamini sijawahi kuona mtu akienda taratibu kwa bidii namna ile. Yule ambaye tangu utotoni hatulii alikuwa ametulia mzunguko mzima, watu wote wakimwona anapitwa, na hakuongeza hata kidogo. Dada alikuwa anamfuata kwa macho, midomo inacheza bila sauti. Sijui alikuwa anaomba au anamfokea.

Likazunguka, likatokea tena kwenye kona ya mbali. Na pale injini ikaimba.

Dada hakugeuza tena mgongo. Aliangalia mizunguko yote iliyobaki, mdomo wazi kidogo, na safari moja Nyuki alipoingia kona ya kwanza kwa kasi akasema, "Ona, ona alivyoishika," kama vile nilikuwa nimelala. Bendera ilipopungwa, gari la kijani lilikuwa la mwisho kati ya waliomaliza. Yule msimamizi mwenye filimbi alienda kwenye dirisha, akachungulia geji, akapiga magoti akatazama chini kama pana tone, akainuka akampa Nyuki mkono.

"Karibu mashindanoni," alisema. Tuliposikia tulikuwa tumeshavuka uzio, jambo ambalo haliruhusiwi.

Nyuki alitoka kwenye gari kwa shida, kama wanavyotoka wote. Jasho limemlowesha. Alimkumbatia mama yake, ovaroli na tina na vyote, wakakaa hivyo kiasi cha kutufanya mimi na Tutaona tuanze kuzungumzia hali ya hewa.

"Ilipanda mara moja tu," Nyuki akasema alipomwachia. "Nikatembea, ikashuka. Lakini haishuki haraka, Fundi. Upepo unaingia, nausikia. Kisha ni kama unakaa."

"Ni ile pembe iliyoziba," Tutaona akasema. "Na hata ikizibuliwa, upepo ukishapita kwenye trei unajikusanya chini ya boneti. Wenye magari ya mashindano hukata boneti, kuachia matundu ya kutokea. Lakini hilo..." Akatazama ile boneti, vanishi bado mpya, mtu angeweza kunyolea ndevu humo. Akaona aibu kumalizia.

Dada aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto, lakini hakukitoa. Akakisogeza taratibu kwenda juu, kisha upande wa kushoto, akitafuta mahali joto lilipozidi, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Alipopapata, akatia mkono mfuko wa ovaroli, akatoa chaki anayotumia kuonyesha pa kupiga puti. Akachora mstari mweupe juu ya ile kijani, mrefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Pembeni akachora wa pili.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Hewa ipite."

"Mama, rangi yako!"

"Rangi ipo nyingine kwenye kopo. Wewe utakata au nimwite mtu anayejua?"

"Nitakata mimi," Nyuki akasema, akachukua chaki mkononi mwa mama yake, akainama kuurefusha ule mstari kidogo.